Mzega wa Taa

Taa haikuanguka kwa kishindo. Ilishuka polepole kama mzee anayesinzia kwenye basi: kichwa kinainama, kinashtuka, kinainama tena. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kamera, jicho moja nimelifumba, nasubiri mtoto wa miezi mitatu atoe kidole mdomoni. Aliyeiona ni bibi yake, aliyekuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, kanga mabegani.

"Mjukuu wangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "hii taa yako inasujudu."

Nilipoinua macho, softiboksi, lile boksi la kitambaa linalovikwa taa kulainisha mwanga, ilikuwa imebakiza kama dhiraa moja kufika kwenye kikapu alicholala mtoto. Niliidaka. Mama mtu alimwinua mwanawe bila kusema neno, na picha zilizobaki tulizipiga kwa mwanga wa dirishani. Salio la malipo sikulidai, na wala hawakulitaja.

Fremu yangu iko Makole, hapa Dodoma mjini. Ni chumba kimoja, hatua saba kwa nne, dari la chini. Napiga picha za paspoti, za familia, za watoto wachanga, na siku hizi zaidi za bidhaa: mvinyo, karanga, ubuyu, asali, sabuni za vikundi vya akina mama. Tangu Dodoma ipewe hadhi ya jiji mwaka 2018 na watumishi wazidi kuhamia, kila mwenye bidhaa anataka lebo na picha ya kueleweka. Picha za namna hiyo, sawa na za watoto waliolala, hupigwa kutoka juu, na taa nayo lazima ije juu. Ukitumia stendi peke yake, ama mguu wake unaingia kwenye picha, ama taa inabaki pembeni na kivuli kinalala upande mmoja. Hapo ndipo unahitaji mkono, yaani lile bomba linalotoka kileleni mwa stendi na kwenda mlalo, taa ikiwa imefungwa mwisho wake. Wengi tunauita bumu.

Bumu langu la kwanza nililinunua Kariakoo nilipokwenda Dar es Salaam kwenye harusi ya binamu. Boksi liliandikwa kwamba linabeba hadi kilo tano. Taa yangu ilikuwa na kilo mbili, softiboksi kilo moja na robo. Tatu na robo ndani ya tano, hesabu ya darasa la pili. Muuzaji akaongeza utamu: "Dada, hii ina gesi, haianguki." Ndani ya boksi kulikuwa na kimfuko cheusi kitupu chenye zipu, nikadhani ni cha kuwekea nyaya. Niliweka nyaya humo karibu mwaka mzima.

Nianze na hiyo gesi, maana naisikia hadi leo madukani. Gesi hakuna. Kinachosemwa ni hewa iliyonaswa ndani ya mabomba ya stendi, ili ukilegeza skrubu ghafla bomba la juu lisishuke kwa kasi likakubana vidole au kuivunja taa. Ni jambo jema na ninalipenda, lakini haliongezi nguvu ya stendi hata kwa gramu moja.

Na kile kimfuko kitupu kilikuwa ni cha mchanga. Kinatakiwa kujazwa na kuning'inizwa kwenye mkia wa mkono, upande wa pili wa stendi, kivute chini wakati taa inavuta chini upande wake. Babu yangu alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga ujanani, na alikuwa akituhadithia walivyoteka maji kwa mzega: mti begani, ndoo huku na ndoo huku. Alisema ndoo moja ikipungua maji, husogezi maji, unasogeza bega. Nilikuwa nayajua hayo tangu nina miaka minane, na bado nilining'iniza ndoo ya upande mmoja tu juu ya kichwa cha mtoto wa mtu.

Usiku ule niliketi na kalamu. Mkono wangu ulikuwa umetoka mita 1.4 kutoka kwenye stendi. Kilo 3.25 zidisha kwa 1.4 unapata kama nne na nusu. Hiyo ndiyo nguvu inayopinda kifundo, pale mkono unapokutana na stendi, na kifundo changu kilikuwa na skrubu moja ya plastiki ya kukaza kwa vidole. Mkia wa nyuma ulikuwa na sentimita 60. Ili pande mbili zilingane, nyuma nilihitaji kilo saba na nusu. Nikafurahi: kumbe dawa ni mchanga! Kisha nikajumlisha vyote vinavyokaa juu ya stendi: taa na softiboksi kilo 3.25, mchanga kilo 7.5, bomba la mkono lenyewe kilo moja na nusu. Zaidi ya kilo kumi na mbili, juu ya stendi iliyoandikwa tano.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nilikuwa nimeuziwa kitu ambacho hakiwezi kazi yake hata ukikitumia kwa usahihi wote. Usipoweka mchanga, kifundo kinateleza. Ukiuweka, stendi inazidiwa. Kilo za kwenye boksi ni za taa iliyokaa wima juu ya kilele, si za taa iliyokwenda safari ya mita moja na nusu pembeni. Siku hizi mtu akiniuliza stendi gani inabeba taa yake, simuulizi taa ina kilo ngapi. Namuuliza inakwenda umbali gani.

Jibu langu la kwanza lilikuwa la Kidodoma. Nilikwenda Kizota kwa fundi anayechomelea mageti. Ni Mgogo wa makamo, mtu wa maneno machache. Nilimsalimia "Mbukwenyi" kwa kujipendekeza, akacheka lafudhi yangu, tukawa marafiki. Nilimchorea nilichotaka. Akatazama mchoro, akatazama uwanja wake, akavuta ringi ya gari iliyokuwa inashika kutu karibu na choo. "Hii ndiyo miguu," akasema. Akasimamisha bomba la chuma katikati ya ringi, bomba jembamba kidogo likaingia ndani yake, bolti yenye nati iliyochomelewa ikawa ndiyo ya kukazia. Mkono tukaufanya wa bomba la mraba ili taa isizunguke, na kifundo akakitengeneza kwa vipande viwili vya chuma na bolti nene inayopita katikati, ya kukaza kwa spana. Kile kifundo hakijawahi kuteleza hadi leo.

Tulikwama kwenye kitu kidogo kuliko vyote, ile pini ambayo taa inavaa. Taa nyingi za studio zina tundu la pini ya milimita 16. Nikamwambia fundi kumi na sita, akasema hiyo si ni nondo ya kumi na sita tu, anazo nyingi. Akakata kipande, akachomelea. Nilipofika Makole taa ikakataa kuingia. Nondo ya 16 ina yale matuta yake, na matuta yanaongeza unene. Nilirudi. Akapiga tupa hadi matuta yakaisha, lakini tupa haijui duara: taa ikaingia, ikawa inacheza. Mara ya tatu tulikwenda kwa fundi wa kukereza vyuma, akatumia chuma laini cha duara, na nikamwomba achonge shingo kidogo karibu na ncha. Hiyo shingo si pambo. Skrubu ya taa inakaa ndani yake, kwa hiyo hata ikilegea kidogo, taa inazunguka tu badala ya kuchomoka.

Ubaya wa stendi ya ringi ni kwamba haitoki nje ya mlango bila vijana wawili. Niliifunga magurudumu ya kiti cha ofisi, kosa jingine. Vigae vya fremu yangu vina mteremko ambao sikuwahi kuujua mpaka siku ile stendi ilipoanza kutembea yenyewe kuelekea mlangoni. Magurudumu bila breki ni mwaliko wa msiba. Niliyang'oa jioni ile ile.

Kwa kazi za nje niliendelea na stendi nyepesi za aluminiamu, nikijidanganya kwamba nje situmii bumu, basi hakuna shida. Anayeijua Dodoma anajua upepo wa Julai na Agosti. Hauji kwa salamu. Kunakuwa kimya, kisha vumbi linainuka barabarani kama mtu amekung'uta mkeka, na kabla hujafumba macho limefika.

Tulikuwa Hombolo, kwenye shamba la zabibu, tunapiga picha za kikundi cha wakulima na chupa zao. Softiboksi ya sentimita 60 kwa 90, stendi imepanda mita mbili na nusu hivi. Upepo ukaja, softiboksi ikageuka tiara. Stendi haikuvunjika, ilianguka tu, mzima mzima, ikapiga kreti la chupa. Chupa nne zilikwenda, na taa ikapasuka kioo. Mzee mmoja wa kikundi alinifariji kwa kusema upepo huo huo uling'oa bati zake mwaka jana.

Nilipouliza kwa kijana wa fizikia anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, mteja wangu wa picha za mahafali, alinipigia hesabu kwenye karatasi ya nyuma ya risiti. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ambao kwetu ni upepo wa kawaida tu wa kiangazi, unaisukuma softiboksi ya ukubwa ule kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo nne. Ukienda kasi mara mbili, nguvu inakuwa mara nne, si mara mbili. Na nguvu hiyo inasukuma juu kabisa, mita mbili na zaidi kutoka ardhini, mahali penye faida kubwa kwake na hasara kubwa kwangu. Kushindana nayo kwa stendi ya kilo mbili ni kama kumzuia ng'ombe kwa kamba ya kiatu.

Akaniongezea jambo ambalo nilikuwa silijui baada ya miaka yote ile. Stendi ya miguu mitatu haina nguvu sawa pande zote. Chora pembetatu ardhini inayounganisha nyayo zake tatu. Kama kila unyayo uko nusu mita kutoka katikati, basi kuelekea mguu mmoja una nusu mita ya kujitetea, lakini kuelekea uwazi ulio kati ya miguu miwili una robo mita tu. Nusu kamili imepotea kwa kuzungusha stendi vibaya! Kwa hiyo mguu mmoja uelekee kule mzigo unakovutia: chini ya mkono kama una bumu, upande upepo unakokwenda kama uko nje. Haikugharimu hata shilingi, na naona wapigapicha wenye vifaa vya mamilioni wakiweka stendi kwenye sherehe bila kuangalia miguu imetazama wapi.

Mchanga nao nimeuchukulia kwa uzito. Nilinunua suruali za jinzi za mitumba soko la Sabasaba, zile zilizochanika magoti, bei ya kutupa. Fundi cherehani wa Majengo alikata miguu, akashona kila mguu katikati ili uwe na vyumba viwili, mfano wa mizigo anayobeba punda huku na huku. Mchanga ni wa korongoni, nimeuchekecha na kuukausha juani, kisha nikautia kwenye mifuko ya nailoni miwili miwili kabla ya kuuingiza, la sivyo vumbi lake linavuja na kuota kwenye vigae. Nilipima kwa muuza mahindi: kila mmoja kilo sita. Ninaulaza juu ya mguu wa stendi ulio chini ya mzigo, au kwenye mkia wa bumu, na unapokuwa kwenye mguu nahakikisha haugusi chini, maana mfuko uliokaa chini uzito wake unabebwa na ardhi, si na stendi. Mteja mmoja aliingia asubuhi, akaikuta sita imepangwa sakafuni, akasimama mlangoni akiuliza taratibu kama kuna watu wamelala.

Mwaka jana hatimaye nikapata stendi ya C, zile za chuma zinazotumiwa na watu wa filamu. Mtu mmoja Dar alikuwa anafunga studio yake. Aliniwekea kwenye basi, na saa tatu usiku kijana wa ofisi ya vifurushi akanipigia kunijulisha kwamba stendi yangu imefika stendi. Tulicheka wote wawili, kisha nikaenda stendi ya mabasi ya Nanenane kuichukua, na bodaboda wa kwanza akakataa kuibeba.

Ni nzito na haina mbwembwe. Miguu yake mitatu imepishana urefu kutoka ardhini, ili stendi kadhaa ziweze kuingiliana miguu kwenye nafasi finyu. Mguu ulio juu kuliko mingine ndio unaoelekea mzigo, na ndio unaoning'inizwa mchanga. Kifundo chake ni sahani za chuma zenye meno, zinazobanwa na skrubu moja yenye mpini. Hapa kuna siri ambayo hakuna aliyeniambia, niliigundua kwa kuchoka kukaza: upande ulioweka kifundo una maana. Simama nyuma ya stendi, mzigo ukiwa mbele yako. Mpini wa skrubu ukiwa kulia kwako, mkono ukitaka kushuka unazungusha skrubu kuelekea kukaza. Ukiuweka kushoto, uzito wa taa yenyewe unafungua skrubu, taratibu, picha baada ya picha. Bumu langu la kwanza nadhani lilikuwa na dhambi hiyo pia.

Hata hivyo mkono wa stendi hii ni ufito wa mita moja tu, na siuamini kwa taa kubwa. Nauwekea flashi ndogo, kioo cha kurudisha mwanga, au kitambaa cheusi. Taa ikizidi kilo mbili natumia mkono wa fundi wenye mkia wa mchanga. Na taa yoyote inayokaa juu ya mtu, iwe kubwa iwe ndogo, nimeifunga kwa waya wa breki ya baiskeli kutoka kwenye mwili wa taa hadi kwenye bomba, mfupi, ili vyote vikishindwa ianguke sentimita kumi tu na kubaki inaning'inia.

Wanaokuja kuniomba ushauri, hasa vijana wanaofungua fremu zao Nkuhungu na Chang'ombe, nawakatisha tamaa kwanza. Wengi wao hawahitaji bumu, wanahitaji goli: stendi mbili za kawaida, moja huku na moja kule, bomba likipita juu yake, taa katikati. Meza inakaa chini ya goli, mtoto analala chini ya goli. Hakuna mkono unaotoka, kwa hiyo hakuna kinachopinda kifundo. Kila stendi inabeba nusu ya mzigo, wima, kama boksi lilivyoahidi. Stendi za kutundikia pazia la nyuma zinatosha, ili mradi bomba la juu lisiwe lile la plastiki. Kasoro yake ni kwamba linakula nafasi na huwezi kulizungusha haraka mtoto akigeuka. Lakini kwa chupa za mvinyo, ambazo hazigeuki, sijaona kinachoshinda.

Anayesisitiza bumu namwambia aende dukani na dumu la lita tano lililojaa maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, huhitaji mizani. Muuzaji akikunja uso, mwambie atoe mkono wote hadi mwisho, afunge mkia kwa mzigo wowote alionao, kisha ning'iniza dumu mbele. Kama taa yako ni ya kilo tatu, toa maji hadi zibaki tatu na nusu. Pima kwa futi kamba kutoka sakafuni hadi kwenye dumu. Zungumza habari nyingine, uliza bei ya betri, ulizia ndugu zake. Baada ya dakika kumi pima tena. Bomba kupinda kidogo mara tu unapoweka dumu si hoja, bomba lolote hupinda. Tatizo ni lile linaloendelea kushuka wakati mnaongea. Kisha sukuma dumu pembeni kidogo uone kama mkono unajizungusha kwenye kifundo. Tazama skrubu: kama nyuzi zake zinaingia kwenye plastiki tupu badala ya chuma, rudisha. Tazama miguu: ikitanuka mapana na kukaa chini chini ni afadhali kuliko stendi iliyosimama kama flamingo ili ionekane ndefu kwenye picha ya boksi. Urefu ndio kitu rahisi kuongeza na ndicho wanachokuuzia.

Maduka mawili yalikataa dumu langu mlangoni. La tatu lilikubali, mkono ukashuka sentimita kumi na nne, dumu likagonga kaunta, na nikapiga deki mwenyewe. Sikununua, lakini mwenye duka alinipa namba ya yule mtu aliyekuwa anafunga studio.

Fundi wa Kizota sasa ameshatengeneza stendi za ringi kwa wapigapicha watatu na kwaya moja inayotaka kutundika maikrofoni. Wiki iliyopita alinipigia akiwa dukani kwa muuza vyuma, nasikia magari nyuma yake.

"Dada, ile pini. Tulisema kumi na sita?"

"Kumi na sita, fundi. Lakini chuma laini. Usininunulie nondo."